Leseni ya Wati 100, Paneli ya Wati 550: Kisa cha Fundi wa Sola wa Amu

Fundi wa kisa hiki anakaa Langoni, mjini Amu, yaani Lamu. Leseni yake ya sola ni ya daraja la T1, iliyowekwa na Kanuni za Nishati za Mifumo ya Sola za mwaka 2012. Kwa miaka mingi riziki yake imetoka visiwa vya Pate, Ndau na Kiwayu: paneli moja, betri moja, taa tatu au nne, na pahali pa kuchajia simu. Msimu mmoja mwenye nyumba ya wageni Shela anamwita. Umeme wa Kenya Power unakatika mno, wageni wanalalamika joto, na samaki wanaharibika kwenye friji. Anataka mfumo utakaoibeba nyumba nzima.

"Fundi, leseni si unayo?"

"Ninayo, mama."

Jibu ni la kweli, na tatizo linaanzia papo hapo.

Fundi huyu ni wa mfano. Madaraja ya leseni, kama yalivyoandikwa katika kanuni za 2012, sheria na hesabu zilizomo humu si za mfano.

Kazi yenyewe

Hesabu ya matumizi ndiyo inayoonyesha fundi amesimama wapi mbele ya kanuni, kwa hiyo tuanze nayo. Friji mbili za kisasa hula kama kilowati-saa 2.4 kwa siku. Pampu ya wati 750 ikizungushwa saa moja na nusu hula 1.1. Feni sita za wati 60, saa kumi kila moja, ni 3.6. Taa ishirini za LED za wati 7 kwa saa sita ni kama 0.8. Runinga, intaneti na simu za wageni tuzipe 0.8 nyingine. Jumla ni kilowati-saa 8.7 kwa siku.

Inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa kawaida wa nyumbani), nyaya, betri na joto la paneli hupoteza karibu robo ya kinachozalishwa. Kwa hiyo paneli zizalishe 11.6 ili nyumba ipate 8.7. Wakati wa masika, mawingu yakikaa, ni busara kuhesabu saa nne tu za jua kali kwa siku. Gawanya 11.6 kwa 4: unahitaji kilowati 2.9 za paneli. Paneli sita za wati 550 zinatoa wati 3,300, na kinabaki cha akiba. Betri mbili za lithiamu za volti 51.2 na ampea-saa 100 zina kilowati-saa 10.2 kwa pamoja. Zikitumiwa asilimia 80 zinatoa 8.2, zinazotosha feni na friji hadi alfajiri. Katikati inakaa inveta ya mseto ya kilowati 5, inayopokea paneli, betri na laini ya Kenya Power kwa wakati mmoja.

Sasa tuweke hesabu hiyo juu ya leseni. Kanuni za 2012 ziliwapanga mafundi wa sola katika madaraja matatu. T1 ni mfumo mdogo wa betri moja, wa umeme wa DC (ule wa betri, usiobadili mwelekeo), usiozidi wati 100 za kilele, yaani Wp, kile kipimo kilichoandikwa mgongoni mwa paneli. T2 ni mfumo wa wastani: paneli zaidi ya moja hadi Wp 300, betri zaidi ya moja, na inveta ikihitajika. T3 ni mifumo mikubwa, pamoja na ile inayoungana na gridi, yaani laini ya Kenya Power, na ile ya mseto.

Kazi ya Shela ni ya Wp 3,300, na ni ya mseto. Ni T3 bila ubishi. Imeuzidi mpaka wa T1 mara 33. Lakini angalia jambo la pili, ambalo kwetu ndilo kiini cha kisa: paneli moja tu kati ya zile sita, ukiichukua peke yake na kuitundika kibandani kwa mvuvi, tayari imevuka wati 100 za T1 na hata zile 300 za T2. Paneli za wati 400 hadi 550 ndizo bidhaa ya kawaida dukani sasa. Mwenye T1 akitaka kubaki ndani ya leseni yake lazima atafute paneli ndogo ambazo kwa kila wati zinamgharimu mteja zaidi.

Fundi ana karatasi nyingine ukutani: kibali cha biashara cha Kaunti ya Lamu, kilicholipiwa mwaka huu. Wengi huamini kwamba hicho kinatosha. Hakitoshi. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliipa kaunti leseni za biashara, na papo hapo likaondoa udhibiti wa taaluma. Kaunti inaweza kumruhusu kufungua duka na kutoza ada ya kibali. Haiwezi kusema ana ujuzi wa kufunga inveta ya mseto. Hilo ni la Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli, EPRA, iliyochukua nafasi ya tume ya awali chini ya Sheria ya Nishati ya 2019. Na upande wa AC, umeme wa kawaida wa nyumbani, kuanzia inveta hadi ubao wa breka wa nyumba, unataka fundi umeme mwenye cheti chake, ambacho ni kitu mbali na leseni ya sola. Karatasi tatu, kazi moja. Afisa wa kaunti akikagua duka anaona kibali ni halali na kuondoka. Hilo halimlindi fundi hata kidogo siku nyumba ikiungua.

Kinachoharibika fundi wa T1 akiingia kazi ya T3

Hapa tukae kidogo, kwa sababu ndipo penye sababu ya kuwa na leseni hapo awali. Fundi wetu si mzembe. Mikono yake imezoea volti 12. Paneli ya wati 100 ikiwa haijaunganishwa hutoa kama volti 22, unaishika kwa mikono mitupu na hausikii kitu. Zile paneli sita za wati 550 zikifungwa kwa mfululizo, kila moja ikitoa kama volti 50, ncha za mwisho zina volti 300 za DC. Hizo zinaua. Na huwezi kuzizima: jua likiwaka, waya una moto, yaani una umeme.

Kosa la kwanza na la kawaida kuliko yote ni breka. Breka ya AC na breka ya DC zinafanana sura, na ya AC ni rahisi kuipata. Umeme wa AC wa hezi 50 hupita sifuri mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo cheche inayoruka breka inapofunguka hufa yenyewe. DC haipiti sifuri kamwe. Cheche yake husimama kama mwali wa kuchomelea, inayeyusha breka kutoka ndani, kisha boksi, kisha kilicho karibu na boksi. Shela, kilicho karibu mara nyingi ni makuti. Vichochoro vya huko na vya Amu mjini havipitishi gari la zimamoto. Moto wa makuti huzimwa kwa ndoo na kwa kubomoa paa la jirani.

Kosa la pili ni viunganishi vya MC4, vile vya nyaya za paneli. Dume la kampuni moja huingia kwenye jike la kampuni nyingine na hata kubonyea likalia "tik", lakini vyuma vya ndani havikukatwa kwa kipimo kimoja. Mgusano unakuwa haba, unapata joto, na chumvi ya hewa ya bahari inamaliza kilichobaki. Baada ya kaskazi mbili plastiki imekuwa nyeusi. Dawa ni kununua jozi za kampuni moja na kuzibana kwa koleo lake maalumu, si kwa praizi.

La tatu ni bolti. Chuma cha mabati ukingoni mwa bahari hutoka kutu mapema, na bolti ya chuma cha pua ya daraja la kawaida nayo hupata madoa. Tumia reli za alumini na bolti za pua za daraja la 316. Pale waya wa ethi, ule unaoshuka ardhini, unapogusa alumini weka kiunganishi chake, shaba isilale moja kwa moja juu ya alumini, zinalana.

La nne liko kwenye betri. Kilowati 5 kwa betri iliyoshuka hadi volti 44, ukitoa upotevu wa inveta wa asilimia 8, ni ampea 123. Waya wa milimita 10 za mraba uliomtumikia Kiwayu miaka yote utaungua hapo. Kazi hii inataka milimita 35 za mraba kwa umbali wa mita moja au mbili, 50 ukiwa na nafasi, na fyuzi ya DC ya ampea 160 karibu kabisa na ncha ya betri. Lithiamu ikipigwa shoti humwaga maelfu ya ampea kabla mtu hajageuka. Fyuzi ya gari haikutengenezwa kuukata mkondo huo.

La tano halionekani kwa macho. Gridi inapokatika, inveta ya mseto hujitenga na laini ya Kenya Power, na mara nyingi nyutro, waya wa kurudishia umeme, nayo hutengwa. Kama inveta haina relei, swichi ya ndani, inayounganisha nyutro na ethi wakati huo, au haikuwashwa kwenye mipangilio, swichi ya RCD, ile inayokata umeme mtu anapopigwa shoti, haikati kitu. Nyumba inawaka taa, feni zinazunguka, kila mtu amefurahi, na kinga ya uhai haipo. Kinyume chake pia kipo: fundi akiipitisha inveta isiyo na kinga ya kujitenga hadi kwenye laini, umeme unarudi nje, na mfanyakazi wa Kenya Power aliye juu ya nguzo Shela anakuta waya una moto baada ya kuuzima kituoni.

Basi daraja lipo kwa haki. Tunasema hivi waziwazi kwa sababu hoja inayofuata, kwamba kanuni za aina hii ziandikwe upya, mara nyingi hutafsiriwa kuwa ombi la kuwalegezea mafundi kamba. Si hivyo.

Mpaka uliochorwa mahali pasipo hatari

Mwaka 2012 wati zilikuwa kipimo kizuri. Paneli zilikuwa ghali, na mtu mwenye wati 1,000 alikuwa na mfumo mkubwa wenye paneli nyingi, betri nyingi na volti za juu. Wati zikipanda, hatari ilipanda nazo. Uhusiano huo umekatika.

Chukua paneli moja ya wati 550 inayochaji betri moja kupitia kontrola, kifaa cha kudhibiti chaji, kwenye banda la barafu Kizingitini. Volti zake ni kama 50. Mpaka wa volti za chini kabisa kwa DC katika viwango vya kimataifa vya IEC ni 120. Hatari yake kwa fundi haizidi ya paneli ndogo tano zilizofungwa sambamba. Lakini kwa kipimo cha wati, kazi hiyo inamtaka mtu wa T3.

Sasa geuza upande wa pili. Neno "betri moja" lilipoandikwa, betri moja ilikuwa ya asidi, volti 12, ampea-saa 100: kilowati-saa 1.2. Leo betri moja ya lithiamu ya kutundika ukutani ni kilowati-saa 5 au 10, na bado ni "betri moja". Ukisoma kanuni kwa herufi zake, kuhesabu betri hakuzuii kitu hiki. Kanuni inamfungia mlango fundi kwenye kazi salama na kumwachia ufa kwenye kazi ya hatari.

Tunapendekeza madaraja yapimwe kwa mambo matatu badala ya wati: volti za juu kabisa za mfululizo wa paneli zikiwa wazi, uwezo wa betri kwa kilowati-saa pamoja na aina yake, na kama mfumo unaungana na chanzo kingine cha umeme, iwe gridi au jenereta. Kwa maneno ya kanuni, daraja la chini lingesomeka hivi: "Mwenye leseni ya daraja hili anaweza kufunga mfumo ambao volti za DC, paneli zikiwa wazi, hazizidi 60, ambao uwezo wa betri zote kwa pamoja hauzidi kilowati-saa 2.5, na ambao hauungani na gridi wala jenereta." Sentensi hiyo haina wati hata moja. Paneli zikifika wati 800 kesho, haitachakaa.

Mtu anaweza kubisha juu ya 60 au 2.5. Vizuri, abishe juu ya tarakimu. Alimradi zipimwe kwa kinachoua na kuchoma.

Jinsi kanuni zinavyobadilika, na dirisha liko wapi

Kanuni za leseni si sheria za Bunge. Hutungwa na wizara au mamlaka kwa idhini ya sheria mama, na Kenya utaratibu wake umo katika Sheria ya Vyombo vya Kisheria ya mwaka 2013. Mafundi wachache wanaijua, na ndiyo yenye dirisha lao.

Kifungu cha 21 kinasema chombo cha kisheria, yaani kanuni za aina hiyo, hufa chenyewe baada ya miaka kumi, isipokuwa kimefutwa mapema au kimesamehewa. Muda unaweza kuongezwa mara moja tu, usizidi miezi 12. Maana yake ni kwamba kanuni za leseni hazingoji mtu azichoke, zina saa ukutani, na zile za 2012 zilikwisha kufikisha miaka kumi. Chama cha mafundi kinachojua kanuni zao zilitungwa lini kinajua pia lini rasimu mpya haina budi kuja, na kinaanza kukusanya hoja miaka miwili kabla.

Kabla ya kutunga, mamlaka inatakiwa ishauriane na watakaoguswa. Kanuni zikiwa za kuwatwika watu gharama kubwa, itayarishwe taarifa ya tathmini ya athari: lengo ni nini, njia nyingine zipi zilifikiriwa, nani atalipa nini. Tangazo lake linatoka katika Gazeti Rasmi la Serikali na katika gazeti la kawaida, na umma unapewa siku zisizopungua 14 kutoa maoni. Kanuni zikishachapishwa, nakala ipelekwe Bungeni ndani ya siku saba za vikao. Isipopelekwa, zinabatilika. Kamati ya kuchunguza sheria ndogo ina siku 28 kutoa ripoti, na inaweza kupendekeza zifutwe zote au sehemu. Kwa hiyo madirisha ni mawili: moja kabla ya kuchapishwa na moja Bungeni baada yake. Watu wengi hupiga kelele baada ya yote mawili kufungwa.

Siku 14 kwa mtu wa Nairobi ni nyingi. Kwa mtu wa Kiunga ni chache mno. Tangazo halimfikii siku lilipochapishwa. Akilipata kwa simu baada ya juma, rasimu ni kurasa nyingi za Kiingereza cha kisheria, na mkutano wa hadhara wa karibu unaweza kuwekwa Mombasa, safari ya siku nzima kwa boti hadi Mokowe kisha basi. Mahakama zimekwisha kusema ushirikishwaji uwe wa kweli. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliifuta Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013, yenye ada na tozo ndani yake, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mwaka 2019, katika kesi ya kanuni za tumbaku, Mahakama ya Juu iliweka miongozo ya namna ya kuupima ushirikishwaji. Na Amu hatuhitaji kwenda mbali: Juni 2019 Baraza la Kitaifa la Mazingira lilifuta leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, ya mradi wa umeme wa makaa ya mawe wa Lamu, na upungufu wa kushirikisha wenyeji ulikuwa miongoni mwa sababu. Leseni ile na leseni ya fundi ni vitu viwili tofauti kabisa, lakini kanuni ya kusikiliza watu ni ile ile.

Maoni yanayosikilizwa yana umbo lake. Yaandikwe kifungu kwa kifungu: nambari ya kifungu cha rasimu, kinachosemwa, tatizo lake, maneno mbadala kamili. Barua inayosema "kanuni hizi zinatukandamiza" inahesabiwa kuwa pingamizi moja na kuwekwa kando. Barua inayosema "Kifungu hiki, badala ya 'Wp 100' iandikwe 'volti 60 za DC', kwa sababu paneli moja ya kawaida sasa ni Wp 550" inamlazimu mwandishi wa rasimu kujibu. Ipelekwe kwa baruapepe na nakala ya karatasi, na ihifadhiwe ithibati ya kupokelewa, kwani hiyo ndiyo itakayoonyeshwa Bungeni au mahakamani.

Kifungu cha mpito

Uzoefu wa kusoma rasimu za leseni za fani mbalimbali unafundisha jambo moja: watu hugombana juu ya madaraja na ada, wakati fundi hupoteza kazi kwa aya moja ya mwisho, ile ya mpito. Kwa kawaida inasema leseni zilizopo zitaendelea kwa miezi sita au kumi na mbili, kisha kila mtu aombe upya chini ya masharti mapya. Inasomeka kwa upole. Tatizo ni kwamba saa inaanza kwenda siku kanuni zinapochapishwa, ilhali mtihani mpya haujatungwa, vyuo havijapata mtaala, na wasahihishaji hawajateuliwa. Miezi sita inaisha kabla mtihani wa kwanza haujafanyika. Fundi aliyekuwa halali jana ni mvunja sheria leo, na hakufanya kosa lolote.

Kwa fundi wetu wa Langoni kifungu hicho kingehitaji mambo manne. Saa ianze siku mtihani wa kwanza unapotangazwa kuwa tayari, si siku ya kuchapishwa. Leseni ya zamani ikae hadi muda wake uishe au miezi 24 ipite, lolote litakalochelewa. Mtihani wa vitendo ufanyike angalau mara mbili ndani ya kaunti kabla ya muda huo kwisha, na usiwekwe kati ya Juni na Agosti, kusi linapovuma na boti za Kiwayu na Ndau kukaa bandarini. La nne ndilo gumu zaidi: kazi alizokwisha kuzifanya zihesabiwe.

Hili la nne lina njia tayari, haliombwi kutoka hewani. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda, NITA, hupima mafundi kwa mitihani ya ufundi ya daraja la tatu, la pili na la kwanza, na mtu anaweza kuikalia bila kupita chuoni. Mfumo wa kitaifa wa sifa, uliowekwa kwa sheria ya 2014, unatambua ujuzi ulioupata kazini. Kinachokosekana ni sentensi katika kanuni za leseni inayosema cheti cha namna hiyo kinakubalika kwa daraja fulani, na inayotaja ushahidi gani utolewe. Tungependekeza kazi tano zilizokamilika, kila moja ikiwa na mchoro wa nyaya, picha ya boksi la breka likiwa wazi, picha ya lebo za betri na inveta, na jedwali la vipimo. Fundi mwenye faili hiyo anajulikana ndani ya nusu saa kama anajua au anabahatisha.

Akinyimwa daraja, asikubali jibu la mdomo. Sheria ya Haki katika Hatua za Kiutawala ya 2015 inampa haki ya kupata sababu kwa maandishi, na kwa mambo ya nishati lipo Baraza la Nishati na Petroli la kukatia rufaa.

Shela, kazi inangoja

Mwenye nyumba ya wageni hawezi kungoja miaka miwili ya rasimu, na fundi hafai kuikataa kazi kimya kimya na kumwachia asiye na leseni yoyote, jambo linalotokea kila siku. Njia halali ni kumleta mkandarasi mwenye leseni na mwenye fundi wa T3, kutoka Malindi au Mombasa kama Amu hapatikani, na kuandikiana mapatano mafupi. Mkandarasi anasanifu, anachagua breka na fyuzi, anaunganisha upande wa volti 300 na betri, anapima, anatia saini. Fundi umeme mwenye cheti anafanya ubao wa AC. Fundi wetu anafunga reli, anapitisha mabomba ya nyaya, anachimba ethi, anasimamia mizigo kutoka gatini hadi juu ya paa, na anakuwepo wakati wa vipimo vyote. Mapatano yaseme nani anaitwa hitilafu ikitokea baada ya miezi mitatu. Mkandarasi wa mbali hatakuja kwa sababu ya breka moja, na mteja atamgeukia aliye karibu.

Anayesoma leo ili kufanya kazi kama hii aangalie kwanza madaraja ya kanuni zinazotumika siku anayoomba leseni. Picha ya leseni ya rafiki kwenye simu si mwongozo.

Vipimo vya kukabidhi ni hivi. Volti za mfululizo wa paneli zikiwa wazi, zilinganishwe na hesabu: zikipungua kwa volti 50 hivi, paneli moja imegeuzwa au imekufa. Chanya na hasi vihakikiwe kabla ya kugusa inveta, kwani kosa hilo huiua papo hapo na dhamana haililipi. Ukinzani wa mpira wa nyaya za paneli upimwe kwa volti 500 na usipungue megaohmu 1. Usome asubuhi mapema, umande wa bahari ukiwa bado juu ya paneli, kwa sababu waya uliokwaruzwa hujificha mchana ukikauka. Ethi ya Shela ina shida yake: mchanga mkavu wa vilima haupitishi umeme vizuri, na fimbo moja ya mita 1.2 haitoshi. Zishuke mbili au tatu hadi kwenye unyevu, zikiwa mbali kwa urefu wake wenyewe au zaidi, zikaunganishwa. Mwisho, zima laini ya Kenya Power kwa makusudi, nyumba ikiwa inaendeshwa na betri, ubonyeze kitufe cha majaribio cha RCD, kisha upime kwa kifaa chake kati ya laivu na ethi. Kitufe peke yake kinaweza kukata hata pale nyutro haijaunganishwa na ethi, kwa hiyo kifaa ndicho kinachosema kweli.

Nakala moja ya jedwali hilo inabaki kwa mwenye nyumba, ndani ya mlango wa boksi la inveta. Nyingine inaingia kwenye faili ya fundi wa Langoni, ikiwa na saini ya mkandarasi na orodha ya sehemu alizozifanya yeye kwa mkono wake. Ni kazi ya kwanza kati ya zile tano.